Ugumu, Ukakamavu na Nguvu: Maoni Kuhusu Istilahi za Uhandisi wa Ardhi

Rasimu moja ya istilahi za uhandisi wa ardhi imekuwa ikipita mikononi mwa wafasiri na wahandisi, na nakala yake imetufikia. Ina kurasa nane zilizopigwa chapa, wala haina jina la mtungaji. Hatuna haja ya kumtafuta, kwani tunalotaka kulipima hapa ni kazi, si mtu. Kazi yenyewe ilikuwa ikihitajiwa sana. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, zimesanifiwa istilahi nyingi za utawala, za sheria, za elimu na za sayansi. Lakini maneno ya mhandisi anayechunguza ardhi kabla ya kujenga yamebaki aghalabu katika Kiingereza, kwa kuwa taarifa zake zilisomwa na watu wachache waliofundishwa kwa lugha hiyo. Hali hiyo imekwisha kubadilika. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba taarifa ya uchunguzi wa udongo yaweza leo kuletwa mbele ya hakimu kwa Kiswahili, siku ukuta wa gati unapoinama au nguzo ya daraja inapokwenda upande, na hakimu atataka kujua kama mkandarasi alionywa au hakuonywa. Neno lililofasiriwa ovyo litakuwa na gharama yake.

Hatutaipitia rasimu yote. Mengi yaliyomo ni mema. Kuchagua kudidimia kwa hali ya jengo kushuka taratibu pamoja na ardhi iliyo chini yake ni chaguo zuri, na kila fundi atalielewa bila kamusi. Kushindilia nako kumebaki mahali pake. Maji ya vinyweleo, kwa maji yaliyo baina ya chembe za udongo, yatawafanya baadhi ya wasomaji wafikirie jasho, lakini yanavumilika. Sisi tutashika pembe moja tu: maneno yanayohusu jinsi ardhi inavyostahimili kusukumwa kwa upande, na majaribio yanayofanywa ili kuikadiria hali hiyo. Hapo rasimu imeteleza, na imeteleza mahali ambapo wafasiri wengi wangeteleza.

Yafaa kwanza tukitazame kitu chenyewe kabla ya jina lake. Mvuvi hukita mti wa kufungia mashua katika tope la pwani. Akiusukuma kwa bega polepole, mti huenda upande kidogo, na akiuachia hurudi karibu na pale ulipokuwa. Akiendelea kuusukuma kwa nguvu zaidi, hufika mahali ambapo tope linakubali, na mti unalala. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza linahusu kadiri ya msukumo unaotakiwa ili mti usogee kwa kidole kimoja, tuseme. La pili linahusu msukumo ambao ardhi haiwezi kuuhimili tena. Ardhi moja yaweza kuwa ngumu kusogezwa mwanzoni kisha ikavunjika ghafla, na nyingine yaweza kusogea upesi lakini isivunjike mpaka mti umeinama sana. Mhandisi wa nguzo za daraja huuliza maswali yote mawili, na huyajibu kwa hesabu mbili zisizofanana.

Kiingereza hutenganisha mambo hayo kwa maneno stiffness na strength, na huongeza hardness kwa ugumu wa kitu kinachokataa kukwaruzwa au kutobolewa. Rasimu yetu inayatia yote matatu katika ugumu. Katika ukurasa wa pili ugumu wa udongo ni lile la kwanza. Katika ukurasa wa tatu ugumu wa kuvunjika ni lile la pili. Na katika ukurasa wa sita ugumu unasimama peke yake, bila kuelezwa, kwa maana ya tatu. Kosa hili halikuanzia kwa mtungaji wa rasimu. Wafasiri wengi huona stiff na kuandika -gumu kwa mazoea, na kwa matumizi ya kila siku hakuna atakayelalamika: kola ngumu, shingo ngumu, mlango mgumu kufunguka. Lakini mazoea ya sokoni hayatoshi katika taarifa yenye hesabu.

Tuseme mhandisi amekadiria kwamba ardhi ya mahali fulani, ikisukumwa na bamba lenye upana wa mita 0.3, hutoa mwitikio wa kilonyutoni 24,000 kwa kila mita ya ujazo. Maana ya tarakimu hiyo ni kwamba kanieneo ya kilonyutoni 24,000 kwa mita ya mraba ingelisogeza bamba hilo mita moja, kama uwiano ungebaki ule ule, au kwa lugha ya kawaida zaidi, kilonyutoni 24 kwa mita ya mraba hulisogeza milimita moja. Sasa nguzo anayotaka kuitumia ina upana wa mita 0.6. Karl Terzaghi, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1955 juu ya viwango hivi, alionyesha kwamba katika udongo wa mfinyanzi ulio mgumu kiwango hupungua kwa uwiano wa upana: nguzo yenye upana maradufu hupata nusu. Kwa hiyo tarakimu inakuwa 12,000. Mhandisi akiizidisha kwa upana wa nguzo hupata kilonyutoni 7,200 kwa mita ya mraba. Akigawa nguzo katika vipande vya nusu mita ili aviingize katika programu ya kompyuta, kila kipande kikishikiliwa na springi moja, kila springi inapata kilonyutoni 3,600 kwa mita. Msukumo wa kilonyutoni 36 juu ya kipande hicho utakisogeza milimita 10.

Ardhi ni ile ile, mahali ni pale pale. Tarakimu ni 24,000, 12,000, 7,200 na 3,600. Kwa mujibu wa rasimu, zote nne ni ugumu wa udongo kwa ulalo. Msomaji asiyekuwa mhandisi, akikuta taarifa mbili za wataalamu wawili, moja ikisema ugumu ni 12,000 na nyingine 3,600, atadhani wataalamu wamepingana, kumbe wamekubaliana kabisa. Na kinyume chake ndicho cha kuogopwa zaidi: wataalamu wawili waliopingana waweza kuonekana wamekubaliana, kwa sababu tarakimu zao zimeangukia pamoja chini ya neno moja.

Mtu atasema kwamba vizio vya vipimo vitamwokoa msomaji. Vitasaidia, lakini si kila mahali. Kilonyutoni kwa mita ya ujazo ni kizio cha mwitikio wa ardhi, na papo hapo ni kizio cha uzito wa udongo kwa kila mita ya ujazo, ambao kwa kawaida huwa kati ya 16 na 22. Tarakimu hizi mbili ziko mbali mno kwa mhandisi kuzichanganya, lakini karani anayenakili jedwali hana njia ya kulijua hilo. Tena kilonyutoni kwa mita ya mraba ni kizio cha ile 7,200, ambayo ni tabia ya nguzo na ardhi kwa pamoja, na vilevile ni kizio cha moduli ya udongo wenyewe, ambayo ni tabia ya udongo peke yake. Vizio havitofautishi. Ni neno pekee litakalotofautisha.

Hapa pana jambo la historia ambalo mtungaji wa istilahi hana budi kulijua. Wazo la kuichukua ardhi kama safu ya springi, kila moja ikibonyea peke yake bila kuivuta jirani yake, mfano wa godoro la springi, liliandikwa na Emil Winkler mwaka 1867. Ni wazo la urahisi wa hesabu. Ardhi halisi haifanyi hivyo. Ukiibonyeza hapa, pale jirani nako huitikia. Ndiyo maana kiwango cha mwitikio hubadilika kwa upana wa nguzo, na ndiyo maana Terzaghi aliwaonya wahandisi wasikichukue kama tabia ya udongo. Lugha ikikiita ugumu wa udongo, inalirudisha lile lile kosa ambalo mwanazuoni huyo alilipiga vita. Tungependa neno udongo lisiwemo kabisa katika jina la kiwango hiki. Kiitwe kiwango cha mwitikio wa ardhi kwa mlalo, na fasili yake ianze kwa kutaja upana wa kitu kinachosukumwa.

Tumesema mlalo. Rasimu hutumia mlalo katika ukurasa mmoja na ulalo katika mwingine, kana kwamba ni mamoja. Vitabu vingi vya Hisabati vya shule hutumia ulalo kwa mstari unaotoka pembe moja ya mstatili hadi pembe inayoitazama. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo, akiambiwa nguzo imesukumwa kwa ulalo, atachora mshale wa hanamu. Mlalo na wima ndiyo jozi iliyozoeleka, na haina mgogoro.

Lakini liko tatizo la mlalo ambalo rasimu haikuligusa, nalo ni la sarufi yetu wenyewe. Ukakamavu ni wa ngeli ya u-, na udongo ni wa ngeli ya u- pia, ugumu vilevile. Zote huchukua wa. Basi mtu akiandika ukakamavu wa udongo wa mlalo, yale maneno wa mlalo yanashika nini? Yaweza kushika ukakamavu, yaani ukakamavu unaoonekana ardhi inaposukumwa kwa mlalo, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Yaweza pia kushika udongo, na msomaji akaelewa udongo uliolala katika tabaka za mlalo, jambo ambalo nalo lipo na lina maana katika taarifa hizo hizo. Kiingereza hutatua hili kwa mpangilio wa maneno. Sisi tungeweza kulitatua kwa mpangilio pia, tukiandika ukakamavu wa mlalo wa udongo, lakini sikio la Kiswahili linapenda mwenye mali awe karibu, na mwandishi aliyechoka atarudia mpangilio ule wa kwanza. Upatanisho wa ngeli hutusaidia zaidi. Neno moduli ni la ngeli ya i-. Moduli ya udongo ya mlalo haina shaka: ya haiwezi kushika udongo. Kwa sababu hiyo, pale tunapotaja tarakimu, tungeshauri moduli iwe neno kuu, na ukakamavu ubakizwe kwa tabia yenyewe inapozungumzwa kwa jumla. Hii ni sababu ya lugha, na yaonekana kwetu ina nguvu kuliko hoja za kupenda au kutopenda neno la kukopa.

Tugeukie majaribio. Rasimu inayaita majaribio ya shambani. Neno la Kiingereza field limefasiriwa kama ambavyo mkulima angelifasiri, na matokeo yake ni kwamba ofisa wa wilaya, akiona kichwa cha habari Majaribio ya Shambani ya Udongo, ataipeleka barua kwa bwana shamba. Wanaofanya utafiti wa lugha na wa jamii wamezoea uwandani, na neno hilo lingefaa. Lakini katika fani hii tofauti inayotakiwa ni baina ya udongo unaochimbwa na kupelekwa maabara na udongo unaopimwa ukiwa bado mahali pake, haujaondolewa. Vipimo vya ardhini, kwa kulinganisha na vipimo vya maabara, yatosha.

Lenye uzito zaidi ni kitenzi. Rasimu inasema kila mara kupima ugumu wa udongo. Katika taarifa halisi, mhandisi hupima kitu kimoja na kukadiria kingine, na umbali baina ya hivyo viwili ndio unaoamua kama jengo litasimama vizuri. Tuchukue jaribio sanifu la kupenya, lililoenea kuliko yote. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha milimita 760 juu ya fimbo za chuma zenye bomba nchani. Milimita 150 za kwanza hazihesabiwi kwa sababu sehemu ya chini ya shimo huwa imevurugika, kisha yanahesabiwa mapigo yanayohitajiwa ili bomba lishuke milimita 300 nyingine. Kilichopimwa ni idadi ya mapigo. Hakuna aliyepima kusogea kwa ardhi kwa upande; bomba limekwenda chini, na udongo uliokuwa mbele yake umevunjwa. Hata hivyo, miongozo ya nchi mbalimbali hutoa njia ya kutoka idadi hiyo hadi moduli. Mwongozo wa Japani wa madaraja ya barabara huizidisha idadi ya mapigo kwa 2,800 ili kupata moduli kwa kilonyutoni kwa mita ya mraba. Mapigo 10 hutoa 28,000. Kisha mwongozo huo huo, unapokwenda kutafuta kiwango cha mwitikio kwa mlalo, huizidisha moduli kwa 1 katika hali ya kawaida ikiwa imetokana na mapigo, na kwa 4 ikiwa imetokana na jaribio la kuisukuma ardhi kwa mlalo ndani ya shimo. Jambo hili lafaa kutazamwa na kila mfasiri. Moduli mbili zimepewa jina moja na alama moja, lakini mwongozo wenyewe unakiri kwamba hazifanani, kwa kuzipa vizidishi viwili tofauti. Mfasiri akiandika katika zote mbili moduli iliyopimwa, amelifuta lile kiri.

Kwa hiyo tungependa kupima kuachiwe kile kinachosomwa katika chombo, yaani mapigo, kanieneo, ujazo na muda. Na kukadiria kuachiwe kile kinachotokana na hesabu au mazoea. Kukisia hakufai, kwani kuna harufu ya kubahatisha, na mhandisi habahatishi. Aidha ikumbukwe kwamba kipimo katika lugha yetu ni chombo, ni tendo, na ni tarakimu inayopatikana. Taarifa yenye neno kipimo mara thelathini katika maana hizo tatu haisomeki. Jaribio, chombo na tarakimu yanaweza kugawana kazi hiyo.

Katika majina ya vyombo rasimu imejitahidi kutafsiri pale ambapo kukopa kungetosha. Kwa chombo alichokivumbua Mfaransa Louis Ménard katikati ya miaka ya 1950, inatoa kipimapresha. Neno presha limekwisha kuolewa na hospitali, na hakuna atakayelirudisha. Chombo chenyewe ni bomba lenye mpira ambalo huteremshwa katika shimo lililochimbwa, kisha hujazwa maji na gesi ili mpira uvimbe na kuisukuma kuta ya shimo kwa upande, pande zote. Hapa ndipo mlalo unapopimwa kweli, tofauti na nyundo. Kutokana na jinsi ujazo unavyoongezeka kwa kila hatua ya kanieneo, hupatikana moduli. Na pale ujazo wa shimo unapokuwa maradufu ya ulivyokuwa mwanzo, hupatikana kanieneo ya kikomo. Moduli inahusu ukakamavu, kikomo kinahusu nguvu, na chombo kimoja kimetoa vyote viwili katika jaribio moja. Rasimu imeandika ugumu wa presha na ugumu wa mwisho wa presha. Hakuna mahali pengine katika kurasa zote nane ambapo umaskini wa neno moja unaonekana waziwazi hivi. Tunapendekeza presiometa, moduli ya presiometa na kanieneo ya kikomo.

Wanaoitumia presiometa hujua pia kwamba shimo likichimbwa udongo wa ukutani hulegea, na moduli ya mwanzo hutoka ndogo kuliko ilivyo. Hivyo hulegeza kanieneo katikati ya jaribio kisha huikaza tena, na moduli inayopatikana katika mzunguko huo huwa kubwa zaidi. Rasimu haina jina la mzunguko huu. Moduli ya kulegeza na kukaza tena ni jina refu, lakini ni Kiswahili, na fundi aliye kwenye mtambo anaweza kulitamka huku akifanya lile linalotajwa.

Chombo kingine, dilatometa bapa ya Silvano Marchetti wa Italia, kilichoelezwa kwa kirefu katika makala yake ya mwaka 1980, kimeitwa katika rasimu kipanuzi. Jina hili limegeuza mambo, maana kinachopanuka hapa ni kiwambo cha chombo, si udongo. Ni bamba la chuma lenye upana wa milimita 95 na unene wa milimita 15, lenye kiwambo cha duara cha milimita 60 upande mmoja. Husukumwa ardhini, na kila baada ya sentimita 20 husimamishwa ili kiwambo kisukumwe nje kwa gesi hadi katikati yake isogee milimita 1.1. Kanieneo ya kuanza na ya kumaliza zikisharekebishwa, tofauti yake huzidishwa kwa 34.7, na hiyo ndiyo moduli ya dilatometa. Kanieneo ya kwanza ikiwa 300 na ya pili 700, kwa kilonyutoni kwa mita ya mraba, moduli ni 13,880. Neno bapa lisiachwe, kwa sababu dilatometa bila sifa hiyo ni chombo cha wanafizikia cha kupimia jinsi vitu vinavyotanuka kwa joto.

Marchetti alianza kazi hiyo akitafuta moduli ya kutumia katika nguzo zilizopigiliwa na kusukumwa kwa upande. Lakini matumizi yaliyoenea zaidi ya chombo chake leo ni kukadiria kudidimia kwa majengo, yaani mwendo wa wima: moduli ya dilatometa huzidishwa kwa kirekebisho ili ipatikane moduli ya wima. Basi chombo kinasukuma kwa mlalo, na tarakimu ya mwisho ni ya wima. Katika rasimu neno ulalo limefungwa kwenye jina la jaribio, na mfasiri atakayeifuata atawaambia wasomaji wake kwamba tarakimu zote zilizotoka kwenye dilatometa ni za mlalo. Tofauti hiyo si ya kudharauliwa. Katika udongo wa mfinyanzi wa London, uliogandamizwa zamani na tabaka nzito ambazo zimekwisha kuondoka, ukakamavu wa mlalo ni mkubwa kuliko wa wima. Mwelekeo ushikizwe kwenye moduli, kamwe usishikizwe kwenye chombo.

Kuhusu mawimbi ya mkato, ambayo kasi yake hutumika kupata ukakamavu wa mwanzo kabisa, pale ardhi inapotikiswa kidogo sana, tutasema machache. Hesabu yake ni nyepesi: tungamo la mita moja ya ujazo huzidishwa kwa mraba wa kasi. Udongo wenye kilo 1,800 kwa mita ya ujazo na kasi ya mita 200 kwa sekunde una moduli ya mkato ya megapaskali 72. Tarakimu hii ni kubwa kuliko itakayopatikana mti ukisukumwa hadi ukaonekana kusogea, kwa maana ukakamavu wa udongo hupungua kadiri udongo unavyozidi kugeuka umbo. Fasili yoyote ya moduli inayokosa kutaja kadiri ya mgeuko haikukamilika. Neno mkato lina kazi nyingine katika uandishi na katika njia za vichochoroni, lakini halitamchanganya mtu.

Limebaki suala la ukakamavu wenyewe. Tunajua pingamizi litakalotolewa: ukakamavu ni sifa ya mtu, ya askari anayesimama wima na ya mgonjwa ambaye viungo vyake havikunjiki, na ni kichekesho kuupa udongo. Jibu letu ni kwamba kani nalo lilikuwa neno la nguvu na bidii za mtu kabla wanafizikia hawajalichukua, na sasa mwanafunzi wa sekondari halioni geni. Maana ya kukataa kukunjika imo ndani ya kukakamaa tangu asili, nayo ndiyo hasa inayotakiwa. Uthabiti tungeukataa, maana wahandisi wanauhitaji kwa mteremko usioporomoka. Ukinzani umekwisha kushikwa na umeme, na tena unavuta upande wa nguvu.

Wala hatusemi ugumu ufukuzwe. Una makao yake, na hapa Kiswahili kinaweza kujiepusha na kosa ambalo Kiingereza kimelizoea. Wahandisi wa Uingereza hupanga udongo wa mfinyanzi katika daraja, kuanzia laini sana hadi mgumu sana, na daraja mojawapo huitwa stiff. Mtu angedhani daraja hiyo ni ya ukakamavu. Sivyo. Ni daraja ya nguvu, na kwa desturi ya zamani ilitambuliwa kwa vidole: udongo laini hufinyangika kwa kubonyezwa kidogo, unaofuata hufinyangika kwa kubonyezwa kwa nguvu, na huu unaoitwa stiff haufinyangiki kwa vidole ila dole gumba huweza kuuacha na alama. Mfasiri akiandika udongo mkakamavu, ameliingiza kosa la wenzetu katika lugha ambayo haikuwa nalo. Udongo mgumu ndiyo tafsiri sahihi hapo, na mfinyanzi wa Kisarawe au wa Ujiji, ambaye dole gumba lake limefanya jaribio hilo maisha yake yote, hatahitaji kuelezwa.

Mtungaji akikubali kuirudia rasimu, maingizo ya pembe hii yangeweza kuwa hivi. Ukakamavu: tabia ya kitu ya kukataa kugeuka umbo kinaposukumwa. Nguvu: msukumo ambao kitu hakiwezi kuuhimili tena. Moduli ya udongo ya mlalo: ukakamavu wa udongo unaposukumwa kwa mlalo, kwa kilonyutoni kwa mita ya mraba, itajwe chombo kilichotumika na kadiri ya mgeuko wa umbo. Kiwango cha mwitikio wa ardhi kwa mlalo: kanieneo inayotakiwa kukisogeza kitu chenye upana uliotajwa kwa mita moja ya mlalo, kwa kilonyutoni kwa mita ya ujazo. Ukakamavu wa springi: kani kwa kila mita ya kusogea, kwa kilonyutoni kwa mita, utajwe urefu wa kipande cha nguzo. Ile tarakimu ya 7,200, inayopatikana kiwango kikizidishwa kwa upana, bado haina jina katika rasimu wala katika makala haya, na wahandisi waitumiao kila siku ndio wanaofaa kutangulia kulitaja.